Jumapili Ambayo Hatuambiwi

Maneno haya niliyasema Mtwara mjini, mwezi Machi, mbele ya wanavikundi vya kubangua korosho na vijana wanaofanya kazi na wateja wa nje. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimepunguza tu kikohozi na vicheko.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, marahaba, hata ninyi ambao hamjaniamkia.

Kadi ya mwaliko wa leo imeandikwa "saa 9:00". Mimi nimeisoma saa tisa, alasiri, nikala mchana wangu taratibu nikaja. Yule kaka aliyekaa karibu na mlango amefika hapa saa tatu asubuhi, kwa kuwa kwenye simu yake 9:00 ni saa tatu. Ameshafagia ukumbi na kupanga viti. Kaka, pole, na ahsante. Sasa angalieni: yeye amesoma sawasawa na mimi nimesoma sawasawa, tumepishana saa sita nzima, na bado hatujatoka nje ya Mtwara. Hapo hajaingia mgeni yeyote na saa zake zinazohama.

Hao wa saa zinazohama, wanaosogeza saa zao mbele na nyuma mara mbili kwa mwaka, ndio walionileta hapa.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wabanguaji. Tunapika korosho kwa mvuke, tunabangua, tunakausha, tunamenya lile ganda jekundu la ndani, kisha tunapanga madaraja: nzima, nusu, vipande. Mwaka juzi tulimpata mnunuzi mdogo kutoka Ulaya, si mtu wa meli nzima, mtu wa maboksi. Tukakubaliana kuzungumza naye kwa simu ya video kila Jumatatu, saa nne asubuhi ya kwao. Nikapiga hesabu: wao wako nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo kwetu ni saa sita mchana. Tulianza Novemba. Desemba saa sita, Januari saa sita, Februari saa sita. Kufika Machi sikuwa naangalia hata saa. Mama ntilie wa jirani alikuwa akianza kupakua wali, najua muda umefika.

Jumatatu moja, mwisho wa Machi, ilikuwa siku ya kukubaliana bei. Mwenyekiti wetu alivaa kanga mpya, imeandikwa "Subira yavuta heri". Simu tukaiegemeza kwenye debe, nyuma yake tukapanga sampuli kwenye sinia: nzima upande huu, nusu upande ule, na kitambaa cheupe chini ili weupe wa korosho uonekane. Saa sita kasoro dakika tano tulikuwa kwenye benchi, migongo imenyooka kama tunapigwa picha ya pasipoti. Saa sita ikafika. Hakuna mtu. Saa sita na robo, hakuna mtu. Tulikaa mpaka tukasikia adhana ya adhuhuri. Mwenyekiti akasema, "Wazungu nao siku hizi wanachelewa." Tukacheka.

Ndipo nikafungua barua pepe. Ujumbe ulikuwa umeingia tangu saa tano na dakika ishirini na tano: tumewasubiri, hatukuwaona, labda mmepatwa na dharura, tutawasiliana. "Tutawasiliana" mnaijua ilivyo. Ukiambiwa na mchumba, unajua uchumba umekwisha.

Nilimwandikia kwa hasira. Nikamwambia sisi tulikuwepo, wewe ndiye hukuwepo, na ushahidi wa picha ninao. Akajibu kwa upole kabisa kwamba yeye alikaa saa nne kamili ya kwao, kama siku zote. Na kweli alikaa. Usiku wa kuamkia Jumapili, wakati sisi tumelala, Ulaya karibu yote walisogeza saa zao mbele kwa saa moja. Saa nne yao, ambayo Jumatatu iliyotangulia ilikuwa saa sita yetu, sasa ilikuwa saa tano yetu. Yeye hakukumbuka kutuambia, kwa kuwa kwake hapakubadilika kitu: saa ya ukutani inasema saa nne, ofisini amefika saa ileile, kahawa ameinywa saa ileile.

Nililifikiria jambo hili siku nyingi. Kule wanakohama, redio inatangaza, gazeti linaandika, simu inajirekebisha yenyewe, jirani anamkumbusha jirani. Huku kwetu hakuna anayetangaza, maana kwetu hakuna kilichotokea. Nani apite Mikindani na kipaza sauti kusema, "Wananchi, saa zenu zinabaki vilevile"? Kwa hiyo sisi tuliokaa palepale ndio tunaokosa miadi. Ile Jumapili inatuhusu kama inavyowahusu wao, ila wao wanaambiwa.

Nikaenda kusoma walianzaje, kwa sababu mtu akikutia hasara unataka kujua na ukoo wake.

Wa kwanza ninayempenda ni George Hudson wa New Zealand. Mwaka 1895 alipendekeza saa zisogezwe wakati wa kiangazi. Alikuwa mfanyakazi wa posta, na baada ya kazi alikuwa akikusanya wadudu. Alitaka jua libaki jioni apate kukamata wadudu wake. Ndugu zangu, mkataba wa korosho umenipotea, na mbegu ya mambo ni mtu na kopo lake la mende! Baadaye Uingereza akatokea mjenzi wa nyumba, William Willett, mwaka 1907, akachapisha kijitabu kulalamika kwamba watu wanalala huku jua limeshatoka. Wakamcheka. Alikufa 1915. Mwaka uliofuata, vitani, Ujerumani ikaanza tarehe 30 Aprili ili kupunguza makaa ya mawe ya kuwashia taa, na Uingereza ikafuata wiki tatu baadaye. Tangu hapo wengine wameacha, wengine wamerudia, wengine wanabishana. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kwamba mwisho uwe 2021. Mwaka ukapita, na sisi tumekaa kwenye benchi.

Lakini tuwe waungwana. Wana sababu. London mwezi Juni mchana unafika saa kumi na sita na nusu, na Desemba haufiki saa nane. Mtu wa namna hiyo ana mwanga wa kuhamisha. Sisi tuhamishe nini? Hapa Mtwara mchana mrefu kuliko yote, Desemba, ni kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu. Mfupi kuliko yote, Juni, ni kama saa kumi na moja na nusu. Tofauti ni saa moja na dakika kumi hivi. Ukikata kipande hapo utabaki na kisu mkononi.

Sisemi kwamba jua letu halichezi. Linacheza, na wale wa alfajiri wanajua. Mwanzoni mwa Novemba jua linatoka huku kama saa 11:47 alfajiri. Mwezi Julai linatoka kama saa 12:37. Dakika hamsini! Waadhini wanazifuata, wavuvi wanazifuata, na mtoto wa shule anayetembea kilomita tatu anaziona kwa miguu yake: Novemba anatoka nyumbani kumepambazuka, Julai anatoka anapapasa njia. Lakini hakuna aliyegusa saa. Anayetaka kuamka mapema anaamka mapema.

Kuna na jambo la lugha. Mwingereza akisema "sita" asubuhi, ni namba tu. Sisi tukisema saa kumi na mbili asubuhi, tumetaja jua. Usiku umekwisha saa zake kumi na mbili, mchana unaanza kuhesabiwa: moja, mbili, tatu. Na sisi watu wa pwani ya kusini hesabu inatukaa vizuri kuliko wenzetu wengi. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Mtwara tuko kwenye nyuzi 40 na kidogo, kwa hiyo jua linafika utosini saa sita na dakika kama ishirini. Kigoma, nchi ileile, saa ileile, jua linafika utosini saa saba. Sasa chukua Julai yetu, usogeze saa mbele kama Ulaya. Jua litatoka saa 1:37. Watoto watapangwa mstarini saa moja gizani, na mwalimu atawaambia ni asubuhi. Ile saa moja haitakuwa ya kwanza ya kitu chochote. Lugha itakuwa inasema uongo kila siku kwa miezi saba.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho asipande ndege. Avuke Ruvuma.

Msumbiji wako nyuma yetu saa moja, mwaka mzima, hawahami na wao. Katika majirani zetu wanane wa bara, Kenya na Uganda ndio tuko nao saa ileile. Rwanda, Burundi, Kongo ya mashariki, Zambia, Malawi na Msumbiji wote wako nyuma. Lakini Zambia iko mbali magharibi, jua lao kweli linachelewa. Palma, mji wa Msumbiji pale pwani ng'ambo ya Ruvuma, hauko magharibi. Palma iko karibu kwenye mstari uleule na sisi, jua linawafikia dakika ileile linapotufikia. Kwa hiyo Novemba, saa ya Palma inaonyesha saa kumi na dakika arobaini na kitu usiku, na kuku wameshashuka kwenye dari. Juni jua linazama kwao saa kumi na moja jioni na dakika chache. Mto mmoja, jua moja, saa mbili tofauti. Pita Kilambo kwa kivuko, au nenda Mtambaswala ukavuke Daraja la Umoja lile la mwaka 2010: mita 720, ukifika mwisho umepewa saa moja bure. Ukirudi wanakunyang'anya.

Sisi wenye ndugu ng'ambo tumezoea. Akipiga simu kutuambia msiba, baada ya pole swali la kwanza ni maziko saa ngapi, na la pili ni saa za huku au za huko. Hakuna anayeona ni swali la ajabu. Hata mtoto mdogo wa Msimbati analiuliza.

Nikisema Msimbati, nimkumbuke kaka yangu, ambaye atanigombeza nikifika nyumbani. Yeye mvuvi. Usiku mmoja aliweka simu imwamshe saa kumi alfajiri wawahi maji. Simu ikakaa dirishani, ikadaka mtandao wa ng'ambo, ikajirudisha saa moja nyuma kimyakimya. Ikamwamsha saa kumi ya Msumbiji. Akafika ufukweni, mashua imekwenda, wenzake taa zao anaziona kwa mbali. Aliisuta ile simu kama mtu mzima aliyekula rushwa. Siku hizi amezima ule mpangilio wa saa kujiweka yenyewe, na kila aliye karibu na mpaka namshauri afanye hivyo.

Lakini huyo huyo kaka yangu, ukimwambia habari ya saa za Ulaya kuhama mara mbili kwa mwaka, anakushangaa. Mara mbili tu? Bahari inahama kila siku. Maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku moja na nyingine. Siku za bamvua, za maji makubwa, maji yanatoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, kina mama wa pweza wanaingia kwenye miamba na mikuki yao. Wiki ikipita ni maji mafu, hayatoki sana, saa nne ileile hakuna mwamba unaoonekana. Hakuna mama wa Naumbu aliyewahi kufika pwani akakuta maji yamejaa akasema, "Lakini wiki iliyopita saa hizi…" Anajua anamfuata anayehama. Kosa langu mimi na benchi langu ni kwamba nilidhani mnunuzi ni kama mwembe, kumbe ni kama maji.

Vijana wa mpira na ninyi mnajua, ila hamjui kama mnajua. Septemba, Ligi ya Mabingwa Ulaya mnaangalia saa nne usiku. Ikifika Novemba, mwenye kibanda umiza anafuta ubao kwa kiganja anaandika saa tano. Aprili anarudisha saa nne. Mmewahi kujiuliza kwa nini? Wao hawajabadilisha kitu. Mechi ni saa ileile ya kwao. Yule mwenye kibanda ndiye mtu pekee katika mtaa mzima aliyekuwa na taarifa yangu, na mimi napita mbele ya ubao wake kila jioni nikienda kununua mkate.

Basi tunafanyaje. Wanunuzi wakubwa wa korosho yetu, India na Vietnam, Mungu awape heri, hawahami. India wako mbele yetu saa mbili na nusu, Vietnam saa nne, Machi na Oktoba. Ile nusu ya India inamsumbua mgeni wiki ya kwanza tu. Ukipiga simu saa tatu asubuhi, Mhindi kwake ni saa tano na nusu, yuko macho. Mvietnamu ni saa saba mchana, anakula, mwache.

Ulaya wanahama Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani wao Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Yaani hata wanaohama hawahami pamoja. Kuna wiki mbili au tatu za Machi ambazo New York wamekwishasogea na London bado. Sasa hivi tunavyozungumza tuko ndani ya wiki hizo. Kijana mwenye mteja huko na huko, asipojihadhari, atakuwa amemkosa mmoja na kumwamsha mwingine. Misri walikuwa wameacha, wakarudia mwaka 2023. Wakati wa saa zao za kiangazi mnakuwa nao sawa kabisa, kwa hiyo Simba au Yanga wakiwa Cairo kwenye Mei huna cha kuhesabu. Ingekuwa Januari, ongeza saa moja. Moroko ndio kichekesho: wamekaa kwenye saa ya mbele mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani wanarudisha nyuma ili futari isichelewe kwenye saa. Jua, nadhani, halikuarifiwa.

Kwenye banda letu, kalenda iko ukutani kando ya mzani. Kila Januari nazungushia hizo Jumapili nne kwa kalamu nyekundu, na Ijumaa inayotangulia natuma ujumbe mimi kwanza. Saa naziandika kwa mfumo wa saa ishirini na nne na nataja ni saa za Afrika Mashariki, hata nikimwandikia mtu wa Lindi. Siandiki "saa 9:00" kwenye kadi. (Waandaaji, nawapenda, ila nawatazama.)

Na jambo kubwa kuliko hayo, tumebadilisha kamba. Yule mnunuzi ilichukua mpaka Agosti kurudi. Maboksi ya mwezi ule aliyachukua kwingine, hiyo hasara tuliimeza. Aliporudi nikamwambia: mashua hufungwa kwenye mti, hatufungi mti kwenye mashua. Sisi saa yetu haisogei, basi miadi tuifunge huku. Jumatatu, saa sita mchana ya Mtwara, mwaka mzima. Kwako wakati wa baridi ni saa nne, wakati wa kiangazi ni saa tano. Hesabu ni yako. Akanyamaza kidogo, akasema ni haki. Hilo sikulitegemea, kwamba ni la kuomba tu.

Naona mzee wangu pale anatazama saa yake, na mimi naiheshimu. Nimalizie na hili.

Jumapili hii inayokuja ndiyo ya mwisho ya Machi. Keshokutwa nitatuma ujumbe wangu wa Ijumaa. Jumatatu tuna mazungumzo, saa sita ya kwetu, na ni mara ya kwanza kamba hii mpya inajaribiwa mwezi Machi. Jana mwenyekiti wetu, yule mwenye kanga ya subira, amekuja bandani akaniambia sinia la sampuli liwe tayari saa tano kasoro. Nikamwambia, mama, safari hii saa ni yetu, wao ndio wa kuhesabu, tukikaa saa tano tutakaa bure. Akanitazama, akafunga kanga yake vizuri.

"Najua," akasema. "Wewe kaa."

Ahsanteni kwa kunisikiliza.